Jicho Halingoji Kikao cha Ukoo

Juzi nilikuwa uani nachambua maharage, ungo mapajani, jua la Julai likiwaka bila kupasha joto kama ilivyo kawaida yake hapa kwetu Sumbawanga. Mjukuu wangu akanijia na simu. "Bibi, hebu ona hii." Palikuwa na picha ya kichanga. Ngozi yake nene, imepasukapasuka kama tope la kando ya Ziwa Rukwa maji yakishakwenda mbali, na mahali pa macho pana vinofu viwili vyekundu. Chini ya picha mtu ameandika kwamba mtoto huyu kazaliwa bila kope kwa sababu mama yake alimcheka kilema, na kwamba kila atakayeiona picha awatumie wenzake.

Majirani wawili waliokuja kuazima kinu wakainama nao kutazama. Mmoja akasema huyo ni mtoto wa nyoka. Wa pili akasema hapana, hizo ni dalili za siku za mwisho. Mjukuu wangu, ambaye yuko kidato cha tatu na hapendi kushindwa na jambo, akasema lipo neno la kitaalamu, ablefaroni, akalitamka taratibu kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kinywani. Kisha wote watatu wakanyamaza, kana kwamba neno lenyewe limeshamaliza kesi.

Wanangu, ukunga nimeufanya miaka 31 katika zahanati za huku Ufipa. Maneno ya juzi niliyasikia mwaka wangu wa kwanza kazini, hayo hayo, ila zamani yalikuwa yakitembea kwa miguu na baiskeli. Sikasiriki tena. Nikayasikia natabasamu kidogo, kama mtu anayemwona jirani wa zamani anakuja na mwendo wake ule ule. Nikawaambia kaeni, maharage ni mengi, saidieni kuchambua huku tunaongea.

Kiswahili kimejaliwa majina ya maradhi ya macho. Tuna chongo, tuna makengeza, tuna mtoto wa jicho. Tuna vikope, ndiyo trakoma, ugonjwa unaoikwaruza kope kwa ndani miaka na miaka mpaka nywele zake zinageuka na kuichoma mboni. Majina hayo hayamkimbizi mtu. Mzee akiambiwa ana mtoto wa jicho haulizi nani kamtumia, anauliza nauli ya kwenda hospitali ni kiasi gani. Lakini kwa mtoto anayekuja duniani bila vifuniko vya macho hatuna jina, maana ni jambo la nadra kupita kiasi. Mimi mwenyewe sikumpokea hata mmoja. Na kitu kisicho na jina nyumbani tunakivika jina la kutisha. Madaktari wao wakaazima kwa Wagiriki: blefaroni ni kope, na hiyo "a" ya mbele ni "bila". Bila kope. Basi, hapo ndipo neno linapoishia. Halisemi kitu zaidi ya kile ambacho mkunga amekiona kwa macho yake pale kitandani. Halimtaji aliyecheka wala aliyelaaniwa.

Tena picha ile haikuwa ablefaroni. Nilimpelekea tabibu mmoja niliyefanya naye kazi zamani, akanipigia jioni. Akasema kope za yule mtoto zipo, ila ngozi nene ya uso imezivuta zikapinduka nje, kama mfuko wa suruali ukitolewa nje kutafuta sarafu. Ule ni ugonjwa wa ngozi, unaitwa iktiosi, na huo wa kichanga yule ndio mkali kuliko aina nyingine. Sasa tazama: watu walioipokea picha ile wametumiana jina la ugonjwa mmoja kwenye uso wa ugonjwa mwingine. Sokoni pale Sumbawanga hakuna mama anayekubali kuuziwa mtama kwa jina la ulezi. Atatia mkono gunia, atasugua punje kwa kidole, atanusa. Kwa mtoto wa mwenzake anapokea chochote anachoambiwa.

Ablefaroni yenyewe ni pale kope zilipokosa kujitengeneza, au zikatoka fupi mno zisiweze kulifunika jicho. Mara nyingi haiji peke yake: mdomo unakuwa mpana, masikio yana kasoro, nywele haba, ngozi nyembamba na imelegea. Madaktari wawili, McCarthy na West, waliuandika mkusanyiko huo mwaka 1977, na mwaka 2015 watafiti wakaona chanzo chake: badiliko dogo katika jeni moja iitwayo TWIST2. Mara nyingine mtoto hulirithi kwa mzazi aliye nalo, mara nyingine linaanza kwake mwenyewe, katika nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuwa nalo. Iko pia hali nyingine, kriptofthalmosi, ambayo ni kinyume: ngozi inashuka moja kwa moja kutoka paji la uso hadi shavuni na jicho limefunikwa chini yake, halina mlango. Na iko koloboma ya kope, pengo tu, kama kikombe cha chai kilichomeguka ukingo. Hiyo ya mwisho niliiona. Nitaifikia.

Kwanza niseme jambo ambalo natamani kila mama mkwe wa Ufipa alijue. Kope zinaanza kuumbwa mimba ikiwa na mwezi mmoja na nusu hivi. Vikunjo viwili vya ngozi vinaota, kimoja kutoka juu na kimoja kutoka chini, vinasogeleana, na kabla mwezi wa tatu haujaisha vinakutana na kugandana kabisa. Vinakaa hivyo vimegandana mpaka kama mwezi wa sita, ndipo vinaachana. Kila mmoja wetu, wewe unayesoma na mimi, alikaa tumboni miezi ile macho yake yamefungwa kama kifuko cha mbegu. Sasa hesabu. Katika wiki vikunjo vile vinapochipua, mama wengi ndiyo kwanza wanajiuliza mbona hedhi imechelewa. Hawajavaa dera la mimba. Hawajaanza kliniki. Huyo kilema anayesemekana alichekwa, hilo yai lililokatazwa, huyo wifi aliyenuna kwenye harusi, vyote vinakuja kutafutwa baadaye, mtoto akishazaliwa, kama mtu anayeokota kuni baada ya ugali kuiva.

Na wewe uliyesema mtoto wa nyoka, nikamwambia jirani, nyoka hana kope kweli, lakini jicho lake limevikwa gamba linaloonyesha ng'ambo, kama kioo cha saa. Halipigwi na vumbi. Samaki naye hana. Itazame migebuka ya Ziwa Tanganyika mezani kwa wauzaji, macho wazi. Yeye maji yalikuwa yakimwosha usiku na mchana. Mtoto wa binadamu hana gamba wala ziwa. Ana kope tu. Akizikosa, ana sisi.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, na nawaomba mnisikilize hapa hata kama mengine mmesinzia.

Mmewahi kuacha uji wa ulezi kwenye bakuli bila kawa? Unarudi baada ya muda mfupi, juu yake pamefanya utando. Ukiuacha zaidi, utando unakauka na kupasuka. Jicho ndivyo lilivyo. Tunasema "kufumba na kufumbua" tukimaanisha muda mdogo kuliko wote, na hatukumbuki kwamba kila kufumba ni kupangusa: kope inashuka, inalipaka jicho machozi na mafuta kidogo yatokayo kwenye tezi za ukingo wake, inapanda. Kama mara 15 hivi kwa dakika moja, kwa mtu mzima, kutwa nzima, bila mshahara. Kichanga asiye na kope hapati hata mara moja. Na sisi tunaishi juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, Juni na Julai upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi mkavu na baridi, barabara za vijijini vumbi, jikoni moshi wa kuni. Uso wa jicho unaanza kukauka, unachubuka, unapata kidonda, kidonda kinaingia wadudu, na kikipona kinaacha kovu jeupe juu ya cheusi. Au hakiponi, jicho linatoboka. Haya hayahitaji mwaka. Ni siku. Kwa mtoto aliye wazi kabisa, saa zina maana.

Kikao cha ukoo kinahitaji siku tatu, kama baba mdogo yuko karibu.

Nilikuwa bado msichana kazini, sijatimiza miaka mitatu. Akazaliwa mtoto wa kiume, mzima, analia vizuri, ila kope ya juu ya jicho la kushoto ilikuwa na pengo upana wa kidole changu kidogo. Akilala, jicho la kulia linafunga, la kushoto linakuangalia kupitia pengo lile. Tulimpeleka aonwe kwenye hospitali moja, wakaandika karatasi: koloboma ya kope, atumwe kwa daktari wa macho. Nikamsomea bibi yake. "Mtoto ana koloboma, mpelekeni mbele." Nikamkabidhi karatasi, nikaenda kwa mama mwingine aliyekuwa anapiga kelele chumba cha pili. Sikumweleza kwamba neno lile lina maana ya pengo. Sikumwambia jicho lisiachwe kavu. Neno nililitoa kama mtu anayekabidhi gunia lililofungwa mdomo.

Basi lile neno lilikwenda nyumbani na bibi, na kufika kwake lilikuwa limeshabadilika. Jioni likawa ugonjwa unaorukia maziwa ya mama. Kesho yake likawa limetumwa. Wakamsubiri mjomba apande kutoka bondeni Rukwa, kwa kuwa bila yeye kikao hakikaliki. Mjomba alikuwa na mazishi. Wakati wanamsubiri, mganga akatia majani yaliyotwangwa ndani ya jicho, na mtu mwingine mwenye huruma akakamulia maziwa. Mama mzazi alikaa chumba cha nyuma, anasikia sebuleni watu wanajadili ni tumbo la upande gani lililoleta haya. Siku ya 12 walirudi kwangu. Nikafunua kitambaa. Cheusi cha jicho kilikuwa na doa jeupe kama punje ya mchele.

Mtoto yule sasa ni baba wa watu. Ana akili, ana maneno matamu, ana meza yake ya samaki. Ukisimama mbele yake anageuza kichwa kidogo kukuweka upande wa jicho la kulia. Kila akigeuza kichwa hivyo naikumbuka ile karatasi, na mkono wangu ulioitoa.

Siwalaumu watu wale. Nimefikiri sana juu yao, nimewahurumia. Mwanamke ametoka kwenye uchungu wa siku mbili, amepewa mtoto ambaye watu wanamtazama kisha wanatazamana. Anauliza kwa nini mimi. Hospitali inamjibu ni nini: ni jeni, ni badiliko, hutokea. Jibu hilo ni la kweli, na ni baridi kama sakafu. Mganga anamjibu ni nani. Nani lina uso, lina jina, unaweza kulikasirikia, unaweza kulipelekea mbuzi yakaisha. Binadamu akiwa kwenye maumivu huchagua mtu wa kumchukia kuliko kubaki bila wa kumchukia, na mimi nisingejidai kwamba ningekuwa shujaa kuliko yeye. Ila najua pia mlango huo unafunguka kuelekea wapi. Ukishasema huyu si mtoto wa watu, kuna atakayesema basi anaweza kufanyiwa lisilofanyiwa mtu. Watu wa pwani zamani walikuwa na kigego, mtoto anayeota meno ya juu kwanza, na wapo waliouawa kwa meno tu. Na mkoa wetu huu wa Rukwa tumesomwa magazetini kwa aibu, watoto wenye ualbino wamekatwa viungo usiku majumbani mwao. Waliokata kwa panga ni wachache. Walioanza na maneno ya uani walikuwa wengi, wala hawakuwa watu wabaya.

Jina la mji wetu, kama wazee wanavyolisimulia, linasema tupa uchawi. Ukifika hapa, utupe ulichobeba. Nimekuwa nikilipenda jina hilo tangu utotoni. Nadhani waliolitoa walikuwa wamechoka kama nilivyochoka.

Na si kwamba tumekosa watu wa kuuliza. Padri mmoja alinisimulia habari za Adriani Atiman, ambaye hospitali ya Sumbawanga imebeba jina lake. Alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utotoni akauzwa utumwa, wamisionari wakamkomboa, akasomea udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alibaki hapo akitibu mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67. Alipofika hakuwa na ukoo huku, hakuwa na mjomba wa kumngojea. Watu walimletea majeraha yao naye akayaosha. Nikiwaza habari zake najiuliza ni maneno mangapi ya kigeni aliyokuja nayo kichwani, akalazimika kuyafanya yawe ya nyumbani kabla ya mgonjwa kukubali kukaa.

Maana hilo ndilo ninalowaomba, si jingine. Daktari akitamka neno refu, msiinuke. Mshikeni kanzu, ile nyeupe. Mwambieni: mwanangu, hilo neno kwa lugha yetu linasema nini? Jicho limekosa kitu gani? Usiku wa leo, kabla hatujafika huko unakotutuma, tulifanyie nini? Awaandikie neno kwenye kadi ya kliniki kwa herufi zinazosomeka, ili likifika nyumbani liwe lile lile lililotoka hospitali. Atawaeleza. Vijana wa siku hizi wanaeleza vizuri kuliko nilivyoeleza mimi, na asiyeeleza ni kwa sababu amechoka. Muulizeni mara ya pili.

Mtagundua jibu la usiku wa leo si gumu. Jicho lilainishwe. Ile tyubu ndogo ya mafuta ya tetrasaiklini ambayo kila kichanga hupakwa machoni akizaliwa, ipo mpaka zahanati ya mwisho kabisa, na kwa jicho lisilofunga nesi ataonyesha namna ya kupaka mengi na mara nyingi mpaka mtoto amfikie daktari wa macho. Anaweza kuweka juu yake karatasi laini ya nailoni safi inayoonyesha, unyevu usitoroke, kwa mkono wake yeye anayejua, puani na mdomoni pakiwa wazi. Mtoto akae mbali na moshi na upepo. Maziwa, mkojo, majani, maji ya sukari, hivyo vyote vibaki vilipo. Halafu safari. Zamani kutoka hapa kwenda Mbeya ilikuwa kulala njiani na kutapika vumbi. Leo lami imefika, zaidi ya kilomita 300, unatoka alfajiri mchana umefika. Mbele zaidi ziko hospitali: KCMC Moshi, Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam. Wapo madaktari wanaochukua ngozi sehemu nyingine ya mwili na kumtengenezea mtoto kope, kidogo kidogo, mara nyingine kwa upasuaji zaidi ya mmoja anavyokua. Hazitakuwa kama alizozikosa tumboni. Lakini jicho walilolikuta zima watalilinda. Lililokwishakufa, hakuna ngozi ya kulifufua.

Baba mdogo naye aitwe, simkatai. Kikao kikae, wazee waseme yao, mbuzi achinjwe wakitaka. Mtoto awe ameshapanda basi.

Maharage yalikuwa yanakaribia kwisha. Mjukuu wangu alikuwa amelaza simu kifudifudi kwenye mkeka. Yule wa dalili za mwisho alishabeba kinu akaenda. Yule wa nyoka alibaki, anaokota mawe kwenye ungo wangu moja moja, kichwa chini.

"Sasa bibi," akasema, "mtoto asiye na kope analalaje?"

Nikamwambia analala. Usingizi hauko kwenye kope. Wengi wetu tukifumba macho, mboni inajiviringisha juu, inajificha, hata kama hakuna aliyeiona. Kwa mtoto yule utaiona, utabaki weupe mtupu unaotisha mgeni. Ndiyo amelala hivyo. Mama yake anampaka mafuta akilala, anampaka tena katikati ya usiku, anampaka jogoo wa kwanza akiwika, na kila mara anaangalia kama nailoni haijasogea.

Alifikiri kidogo, jiwe likiwa bado kidoleni.

"Na huyo mama," akauliza, "yeye analala saa ngapi?"